Barabara Nyeupe za Toscana: Urithi wa Wakulima Uliookolewa na Baiskeli

Katika ukumbi mmoja wa Palazzo Pubblico, jumba la serikali la mji wa Siena nchini Italia, kuna njia iliyochorwa ukutani kati ya mwaka 1338 na 1339. Watawala tisa waliouongoza mji wakati huo walimwagiza mchoraji Ambrogio Lorenzetti aonyeshe matunda ya utawala mwema. Upande wa mjini alichora maduka, mafundi na watu wakicheza ngoma. Kisha akafungua lango la mji, na kutoka langoni akaiteremsha njia hadi vilimani. Mabwana waliopanda farasi wanashuka kwenda kuwinda. Mkulima anapandisha kwenda mjini, akimswaga nguruwe mweusi mwenye mshipi mweupe mabegani. Juu yao anaelea mwanamke mwenye mabawa, ndiye Usalama, akitangaza kwamba anayesafiri na anayelima wasiwe na hofu.

Leo anayetoka Siena kwa baiskeli, akielekea kaskazini kwenye mashamba ya mizabibu ya Chianti au kusini-mashariki kwenye vilima vya udongo vinavyoitwa Crete Senesi, hupita katika mandhari yanayofanana sana na yale ya ukutani. Chini ya matairi yake hakuna lami. Kuna kokoto na vumbi jeupe, na ndiyo maana wenyeji huziita njia hizo strade bianche, yaani barabara nyeupe. Anaweza kuendesha kwa muda mrefu bila kusikia gari. Wageni wengi huusifu utulivu huo kama zawadi ya maumbile. Ukweli ni kwamba mandhari ya vilima hivyo yalitengenezwa kwa mikono ya watu, na ukimya wake ulikuja baada ya watu hao kuondoka.

Nusu kwa nusu

Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana yaliendeshwa kwa mfumo wa mezzadria, neno lililotokana na nusu. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ilitoa jasho. Mavuno yakagawanywa katikati. Shamba moja pamoja na nyumba yake liliitwa podere. Familia ilipaswa kuishi palepale shambani, karibu na mizabibu, mizeituni, ngano na mifugo yake, badala ya kukaa kijijini na kwenda kondeni asubuhi.

Hapo ndipo mtandao wa barabara ulipozaliwa. Nyumba zilitapakaa vilimani, na kila moja ilihitaji njia ya kupitishia mkokoteni wa ng'ombe, mapipa ya divai na magunia ya ngano. Katika Crete Senesi, ambako udongo wa mfinyanzi hulainika kwa mvua na kuporomoka, nyumba nyingi zilijengwa juu ya migongo ya vilima, nazo njia zikafuata migongo hiyo. Ndiyo maana mwendesha baiskeli wa leo huona mabonde kulia na kushoto kwa wakati mmoja, na ndiyo maana njia hizo hupanda na kushuka bila kupumzika: hazikukusudiwa kumfikisha mtu mbali upesi, zilikusudiwa kumfikisha nyumbani kwa jirani.

Mawe mengi ya Chianti ni ya chokaa. Yalivunjwa kokoto, yakatandazwa, yakashindiliwa na magurudumu mwaka baada ya mwaka mpaka yakawa kama sakafu. Pembeni ilichimbwa mitaro, kwa sababu adui mkubwa wa barabara ya kokoto ni maji yanayokosa pa kwenda. Mtaro ukiziba, mvua moja kubwa inatosha kuigeuza barabara kuwa korongo. Kazi hii haikuandikwa majina ya walioifanya.

Baiskeli yaingia vilimani

Tarehe 2 Februari 1870 yalifanyika mashindano ya baiskeli kutoka Firenze hadi Pistoia, yapata kilomita 33, miongoni mwa mashindano ya kwanza duniani kutoka mji mmoja hadi mwingine. Giro d'Italia, mashindano ya kuizunguka Italia, ilipoanzishwa mwaka 1909, walioanza walikuwa 127 na waliomaliza ni 49 tu. Mshindi, Luigi Ganna, alikuwa fundi mwashi. Enzi hizo hapakuwa na haja ya kuzitaja barabara kwa rangi, kwa kuwa karibu zote zilikuwa za vumbi. Wapanda baiskeli walivaa miwani ya kuzuia vumbi na kujizungushia matairi ya akiba mabegani.

Mtoto wa barabara hizi aliyejulikana kuliko wote ni Gino Bartali, aliyezaliwa mwaka 1914 Ponte a Ema, karibu na Firenze. Alishinda Tour de France mwaka 1938, na akaishinda tena mwaka 1948. Kati ya ushindi huo na ule kulikuwa na Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani walipoikalia Italia mwaka 1943, Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze alikuwa miongoni mwa viongozi wa mtandao wa siri uliowaficha Wayahudi. Kwa mujibu wa ushuhuda uliokusanywa baadaye, Bartali aliendesha baiskeli kati ya Firenze na Assisi akiwa amebeba picha na vitambulisho vya kughushi ndani ya paipu za fremu. Akisimamishwa, alikuwa na sababu ambayo hakuna askari angeishangaa: bingwa yuko mazoezini. Yeye mwenyewe aliishi na siri hiyo bila kujitangaza hadi alipofariki mwaka 2000. Mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki Kati ya Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi.

Siku kumi na tisa za mwaka 1964

Baada ya vita, vijana wa podere walianza kuondoka. Viwanda vya mijini vililipa mshahara wa kila mwezi, na nyumba za mjini zilikuwa na umeme na maji ya bomba. Mkulima wa nusu kwa nusu hakuwa na sababu ya kubaki akigawana gunia na bwana.

Kisha, katika vuli moja, mambo mawili yalitokea yakifuatana. Tarehe 15 Septemba 1964 ilitoka sheria namba 756, iliyoongeza fungu la mkulima hadi asilimia 58 na kuweka msingi wa kuikomesha mikataba ya mezzadria. Tarehe 4 Oktoba, siku kumi na tisa baadaye, ilifunguliwa rasmi barabara kuu ya Autostrada del Sole, zaidi ya kilomita 700 kutoka Milano hadi Napoli. Sheria ilikuja kukiri kwamba maisha ya zamani ya shambani yamefika ukingoni. Barabara kuu ilichukua magari ya mbali na kuyapeleka bondeni. Njia za vilimani zikabaki katikati: wenyeji wamehama, wapita njia wanapita kwingine.

Ni haki kulikumbuka hilo kila tunapozisifu njia hizo. Ukimya tunaoufurahia sisi, kwa bibi mzee aliyebaki peke yake kwenye podere ulikuwa ni watoto waliokwenda na hawakurudi.

Gaiole, mwaka 1997

Kisha lami ikaanza kuzifikia njia hizo. Lami ni neema, na hakuna wa kumlaumu mwanakijiji anayeitaka. Lakini kila kipande kilichowekwa lami Chianti kilifuta sehemu ya historia. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci na wenzake walianzisha safari ya baiskeli iitwayo L'Eroica, yaani ya kishujaa, wakiwa na lengo la kuzilinda barabara nyeupe zilizosalia. Mara ya kwanza walikuja watu 92. Sasa huja maelfu kila Oktoba. Baiskeli inatakiwa iwe ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1987: gia hubadilishwa kwa vishikio vilivyo kwenye fremu, pedali zina mikanda ya kufungia viatu, na nyaya za breki zinaonekana nje. Wanaoifuata njia ndefu ya kilomita 209 huondoka usiku na kupanda hadi ngome ya Brolio kati ya safu za miti ya saipresi, taa zikiwaka kando ya njia. Vituoni hugongewa mhuri kwenye kadi, na huandaliwa mkate, divai na supu nzito ya maharage na mboga, chakula kilekile cha wakulima.

Barabara yenyewe hufundisha namna ya kuipita. Mlimani usisimame juu ya pedali. Uzito ukihama gurudumu la nyuma, litazunguka bure kwenye kokoto. Kaa kitini, punguza gia, kanyaga taratibu. Ukishuka, funga breki kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Na ushike michirizi miwili iliyoshindiliwa na matrekta, kwani katikati na pembeni kokoto ni nyingi na tairi huzama.

Mwaka 2004 UNESCO iliingiza bonde la Val d'Orcia katika Urithi wa Dunia, kama mandhari iliyoumbwa na watu. Mwaka 2007 yakaanza mashindano ya waendesha baiskeli wa kulipwa ambayo leo yanaitwa Strade Bianche, na tangu mwaka 2015 wanawake nao wana yao. Kipande cha Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za kupanda na kushuka, huwatenganisha wenye nguvu na waliochoka. Kinachofuata mwishoni ni mlima mkali wa Via Santa Caterina, wenye mwinuko unaofikia asilimia 16 kati ya kuta za Siena, kisha uwanja wa Piazza del Campo.

Mstari wa kumalizia uko chini ya Palazzo Pubblico. Washindani hufika nyuso zimepakwa vumbi, jeupe hadi kwenye kope. Hatua chache juu yao, ndani ya jumba, mkulima wa Lorenzetti bado anapandisha na nguruwe wake kuelekea lango la mji. Vumbi walilokuja nalo limetoka kwenye njia yake.