Nani Aliyesifu? Sifa za Magazeti na Vitabu vya Majira ya Kupukutika Majani Nchini Ufaransa, 1913–2021

Katika uhakiki wa fasihi, hasa ule unaoongozwa na nadharia ya upokezi, ni desturi mtafiti kukusanya tahakiki zilizochapishwa magazetini mara tu kitabu kilipotoka, na kuzichukua kuwa ushahidi wa jinsi wasomaji wa wakati huo walivyokipokea. Desturi hii ina manufaa yake. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana ambayo aghalabu haichunguzwi, nayo ni kwamba aliyesifu alikuwa msomaji. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kurejelea historia ya nchi ambamo sifa za magazeti zimekuwa na kalenda yake maalumu, yaani Ufaransa, na hususan vitabu vinavyotolewa kila mwaka kati ya mwisho wa Agosti na Novemba. Wafaransa huuita msimu huo rentrée littéraire, kwa maana ya marejeo ya kifasihi, kwa kuwa huenda sambamba na watu kurudi kazini na shuleni baada ya likizo ya kiangazi. Ni majira ya kupukutika majani. Mswahili wa pwani angeyaweka karibu na vuli, ingawa vuli yake ni ya mvua na ya kupanda.

Msimu huo uliumbwa na tuzo. Edmond de Goncourt, aliyefariki mwaka wa 1896, aliusia mali yake itumiwe kuanzisha chuo cha waandishi kumi ambao wangemtuza kila mwaka mwandishi mmoja wa kazi ya nathari. Tuzo ya kwanza ilitolewa Desemba 1903. Mwaka uliofuata, wanawake waandishi walianzisha tuzo ambayo baadaye ilijulikana kama Femina, kwa kuwa waliona kwamba wanaume kumi wa Goncourt hawangeelekea kumtuza mwanamke. Mwaka wa 1926 ikaja Renaudot, na asili yake inastahili kuzingatiwa: ilianzishwa na waandishi wa habari waliochoka kungoja matokeo ya Goncourt, wakaamua nao kutoa hukumu yao. Maana yake ni kwamba yule aliyetumwa kuripoti sifa akageuka kuwa mtoaji wa sifa. Tangu hapo mchapishaji aliyetaka kitabu chake kifikiriwe alilazimika kukitoa mapema kiasi cha waamuzi kukisoma, lakini si mapema mno hata wakakisahau.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni wa Marcel Proust. Du côté de chez Swann, juzuu ya kwanza ya riwaya yake ndefu, ilitoka tarehe 14 Novemba 1913 katika kampuni ya Bernard Grasset. Wachapishaji kadhaa walikuwa wameukataa mswada wake, wakiwamo wale wa Nouvelle Revue Française ambao miongoni mwao André Gide alikuwa na sauti kubwa, na kwa hiyo Proust aligharamia uchapishaji kutoka mfukoni mwake. Habari hizo zinajulikana na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa. Lililofichuka mwaka wa 2017, wakati barua zake kwa Louis Brun wa kampuni ya Grasset zilipopelekwa mnadani na Sotheby's mjini Paris, ni kwamba aligharamia sifa pia. Alilipa faranga 300 ili kitabu chake kitajwe kwa maneno mazuri katika ukurasa wa kwanza wa Le Figaro. Alilipa faranga 660 ili Journal des Débats lichapishe muhtasari mrefu zaidi wa tahakiki iliyoandikwa na Jacques-Émile Blanche. Blanche mwenyewe alikuwa mchoraji na rafiki wa mwandishi, tena ndiye aliyemchora Proust katika ile picha mashuhuri ya ujana wake. Maneno ya kusifu Proust aliyatunga mwenyewe, kisha akaomba yapigwe chapa katika ofisi ya mchapishaji ili mwandiko wake usionekane. Kitabu chenyewe kiliuzwa kwa faranga 3.50. Hivyo basi, sifa za gazeti moja tu ziligharimu takriban bei ya nakala 188.

Kitendo hicho kisihukumiwe kwa pupa. Magazeti ya Paris ya enzi hiyo yalikuwa yakiuza nafasi katika safu zake za habari, na wanunuzi hawakuwa waandishi wa riwaya peke yao. Mabenki na hata serikali za kigeni zilikuwamo. Balzac, ambaye alipata kuwa mchapishaji na kufilisika, alikuwa ameieleza biashara hiyo miaka sabini na kitu kabla ya hapo katika Illusions perdues. Humo kijana Lucien anakishambulia kitabu kimoja katika gazeti moja, kisha anakisifu kitabu kicho hicho katika gazeti jingine kwa jina jingine. Proust alifuata ada ya mji. La kumsumbua mhakiki ni jambo jingine. Mtafiti anayelifungua Le Figaro la wakati ule na kuyanukuu maneno yale kama maoni ya wahakiki, kwa hakika anamnukuu Proust akimsoma Proust. Kwa zaidi ya miaka mia moja hapakuwa na alama yoyote katika ukurasa huo ya kumwonya.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alijisifu mwenyewe, tena kwa fedha taslimu, na tembo halikuwa na hata tone la maji. Ndipo ugumu wa kesi hii ulipo. Lau kitabu kingekuwa duni, historia ingekuwa rahisi kuandika: sifa za kununuliwa, kazi ya kutupwa. Badala yake sifa za uongo kuhusu chanzo chake zilikuwa za kweli kuhusu kitabu, na Gide aliyekikataa alimwandikia Proust mwanzoni mwa 1914 kumwomba radhi. Kwa hiyo, kujua kwamba sifa imelipiwa hakumwambii mtafiti lolote juu ya ubora wa kazi. Kunamwambia tu kwamba ushahidi alioushika si ushahidi wa usomaji. Hayo ni maswali mawili, na uhakiki mwingi huyachanganya.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba malipo kwa msifu si aibu katika kila jamii. Katika utanzu wa sifo, manju husifu mbele ya kadamnasi, anayesifiwa yupo, na tunzo hutolewa mchana kweupe. Msikilizaji hukadiria maneno kwa kujua nani anamsifu nani. Gazeti la Paris liliuondoa ujuzi huo na kubakiza sauti isiyo na mwenyewe.

Miaka sita baadaye Proust alikuwa upande wa pili wa kaunta. Desemba 1919 juzuu yake ya pili, iliyotolewa na Gallimard, ilipata tuzo ya Goncourt kwa kura sita dhidi ya nne za Les Croix de bois, riwaya ya vita ya Roland Dorgelès. Magazeti mengi yalighadhibika: mshindi alikuwa na umri wa miaka 48, tajiri, na hakuwa amepigana vitani, ilhali aliyeshindwa alikuwa ametoka mahandakini. Albin Michel, mchapishaji wa Dorgelès, alikizungushia kitabu chake ukanda wa karatasi wenye jina la Goncourt kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba kilipata kura nne kati ya kumi. Gallimard alikwenda mahakamani na akashinda. Ukanda huo ni matini ndogo, lakini mwanafunzi wa fasihi angefanya vyema kuusoma kwa makini kama asomavyo beti za shairi, kwa sababu hauna neno hata moja la uongo. Udanganyifu wote umo katika ukubwa wa herufi.

Grasset naye hakulala. Alipotoa Le Diable au corps ya Raymond Radiguet mwaka wa 1923, umri wa mwandishi ndio uliopigiwa debe, na kamera za sinema za habari zikaletwa kupiga picha za kutiwa saini kwa mkataba. Kitabu hicho kilitoka Machi, nje ya msimu, na Radiguet alifariki Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 20.

Kwa msomaji wa Afrika, mwaka wa 1921 una uzito wa pekee. Tuzo ya Goncourt ilimwendea René Maran, mzaliwa wa Martinique aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Oubangui-Chari, ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Riwaya yake Batouala ilitolewa na yule yule Albin Michel, ambaye safari hii hakuhitaji herufi ndogo. Kitabu kilipigwa marufuku katika makoloni na Maran akaacha kazi yake ya utawala. Sifa na shutuma zilimiminika kwa pamoja, hata Ernest Hemingway akakiandikia tahakiki katika gazeti la Toronto mwaka wa 1922. Lakini kelele nyingi zilikuwa juu ya dibaji, ambamo Maran aliulaani utawala wa kikoloni kwa maneno makali, na juu ya rangi ya mwandishi. Riwaya yenyewe, ambayo inamsawiri chifu, wake zake, mawindo na mauti kwa utulivu mkubwa kuliko dibaji, ilipita kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Hakuna aliyelipwa, kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, na bado tahakiki hizo ni ushahidi hafifu wa usomaji. Sifa inaweza kukosa msomaji bila ya kununuliwa.

Upinzani uliotoka ndani ya fasihi yenyewe ulikuja mwaka wa 1950, wakati Julien Gracq alipochapisha La Littérature à l'estomac, kijitabu kikali dhidi ya mfumo wa tuzo na waandishi wanaozungumzwa pasi na kusomwa. Mwaka uliofuata waamuzi wa Goncourt walimpa tuzo kwa riwaya yake Le Rivage des Syrtes, ingawa alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hataipokea. Aliikataa. Jina lake likaenea magazetini kuliko la mwandishi yeyote wa msimu ule, na kitabu kikanunuliwa. Si rahisi kudai kwamba waamuzi hawakulitarajia hilo.

Jaribio lililo karibu zaidi na la kimaabara ni la Romain Gary. Alikuwa ametuzwa Goncourt mwaka wa 1956 kwa Les Racines du ciel, riwaya inayotukia Chad, na kanuni hairuhusu mtu kutuzwa mara mbili. Mwaka wa 1975 tuzo ilitolewa kwa La Vie devant soi ya Émile Ajar, mwandishi ambaye Paul Pavlowitch, jamaa ya Gary, alijitokeza hadharani kwa jina lake. Gary alijiua Desemba 1980, na maelezo aliyoyaacha yalichapishwa mwaka wa 1981: Ajar ni yeye. Katika maelezo hayo anawasimanga wahakiki waliomwona Gary amekwisha, wakati huo huo wakimshangilia Ajar kwa upya wa sauti yake. Mkono ulikuwa mmoja. Kilichobadilika ni jina jaladani, na pamoja nalo masimulizi ambayo magazeti yalitaka kuyasimulia. Hapana haja ya kusema kwamba tahakiki hizo hazina thamani. Thamani yake kubwa, hata hivyo, iko katika kuonyesha hamu za mwaka wa 1975.

Wakati huo sauti kuu ya msimu ilikuwa imehamia kwenye televisheni. Kipindi cha Apostrophes cha Bernard Pivot kilirushwa kila Ijumaa usiku kuanzia Januari 1975 hadi Juni 1990, na maduka ya vitabu yaliuhisi uzito wake siku iliyofuata. Pivot mwenyewe aliishia kuwa rais wa chuo cha Goncourt kuanzia 2014 hadi 2019.

Mwaka wa 2021 riwaya mpya 521 zilitolewa katika msimu huo nchini Ufaransa. Tarehe 3 Novemba tuzo ya Goncourt, ambayo hundi yake ni euro 10 tu, ilimwendea Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, mwenye umri wa miaka 31, kwa La plus secrète mémoire des hommes, riwaya iliyotolewa kwa pamoja na Philippe Rey wa Paris na Jimsaan wa Dakar. Ametabaruku kitabu hicho kwa Yambo Ouologuem wa Mali, ambaye magazeti yalimkweza alipopata Renaudot mwaka wa 1968, kisha yakamtupa mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliposhutumiwa kunakili kazi za wengine. Ouologuem alirudi Mali na kunyamaza hadi kufa kwake mwaka wa 2017. Ndani ya riwaya ya Sarr kuna mwandishi wa kubuni, T. C. Elimane, na kuna tahakiki za magazeti za mwaka wa 1938 ambazo Sarr amezitunga yeye mwenyewe: moja inasifu, nyingine inadhihaki, nyingine inaona Afrika pasipo kuona kitabu. Alichokifanya Proust kwa siri na kwa faranga 660, Sarr amekifanya waziwazi kama sehemu ya sanaa yake, na magazeti ya Novemba 2021 yaliisifu riwaya inayoyaumbua.

Majuma machache kabla ya hapo, tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ametangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi. Magazeti ya dunia nzima yalijaa sifa zake siku hiyo hiyo, wakati vitabu vyake vilikuwa adimu madukani nchini Marekani na Afterlives, iliyochapishwa Uingereza mwaka wa 2020, ilikuwa bado haijapata mchapishaji huko. Ilitoka Marekani mwaka wa 2022. Mwaka huo huo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise, ambayo ilikuwa imechapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Mtafiti wa upokezi wa Gurnah katika Kiswahili atalazimika kuanzia hapo, 2022, na kuyaacha magazeti ya Oktoba 2021 kwa mwenzake anayechunguza historia ya tuzo.