Spelling Bee: Historia ya Mchezo na Tatizo la Jina Lake

Miongoni mwa majina yanayowapotosha wafasiri ni Spelling Bee. Mwenye kulifuata neno kwa neno atapata "nyuki wa tahajia", tafsiri ambayo haitaeleweka Mwanza wala Mtwara. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mchezo huo, na kuonyesha kwamba ingawa jina lake ni geni, dhana iliyomo ndani yake si ngeni hata kidogo kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria.

Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilianza huduma yake ya kudumu ya televisheni tarehe 2 Novemba 1936, katika jengo la Alexandra Palace, London. Tarehe 31 Mei 1938 lilionyesha Spelling Bee, kipindi kinachohesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa mashindano kupata kuonyeshwa katika televisheni. Kiongozi wake alikuwa Freddie Grisewood, na muda wake ulikuwa robo saa tu. Washindani walipewa maneno, nao wakatakiwa kuyataja herufi kwa herufi. Maisha ya mchezo huo yalikuwa mafupi, na hata televisheni yenyewe ilizimwa tarehe 1 Septemba 1939 kwa sababu ya vita, isifunguliwe tena mpaka tarehe 7 Juni 1946. Mchezo ulipita, lakini jina limebaki.

Jina hilo lilitoka Marekani. Huko, tangu karne ya 18, neno bee lilitumika kwa maana ya mkusanyiko wa majirani waliokuja kumsaidia mwenzao kazi, kama vile kumenya mahindi au kushona mablanketi. Wako wataalamu wanaoona kwamba neno hili halina nasaba na nyuki, bali limetokana na neno la kilahaja lenye maana ya msaada. Katika karne ya 19 lilihamia kwenye mikutano ya kushindana kutaja herufi za maneno, na mwaka 1925 Wamarekani wakaanzisha mashindano ya taifa ya wanafunzi.

Hapo ndipo mfasiri wa Mwanza anapokuwa na nafasi nzuri kuliko mwenzake wa London. Usukumani, kulima kwa pamoja shamba la mtu mmoja, majembe yakifuata mlio wa ngoma, ni desturi ya tangu zamani, na ngoma ya bugobogobo imefungamana na kazi hiyo. Mashindano nayo yana mizizi huko. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyoanza katika karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huwa wa kundi linalovuta watazamaji wengi zaidi. Mashindano hayo yamekuwa sehemu ya sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na mji wa Mwanza. Basi ujirani, ushindani na hukumu ya watazamaji vilikuwapo ziwani kabla ya televisheni.

Linabaki suala la tahajia. Katika Kiingereza, herufi na sauti zilikwisha kuachana, na ndiyo maana mchezo ukanoga. Kiswahili, ambacho maandishi yake yalisanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Je, mchezo huu kwetu ungekuwa wa bure? La. Lugha kadhaa za kandokando ya ziwa hazitumii tofauti ya l na r kutenganisha maana. Mwalimu wa imla anajua taabu ya kutenganisha "kula" na "kura", au "mahali" na "mahari". Mtu aliyekosea herufi moja katika barua ya serikali aweza kugeuza maana ya sentensi nzima. Hata jina la chombo chenyewe lina utata huo, kwani wako wanaoandika "runinga" na wako wanaoandika "luninga".

Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994, yaani miaka 56 baada ya mchezo wa Grisewood. Baadaye Mwanza ikapata kituo chake, Star TV. Kwa hiyo istilahi za michezo ya televisheni si anasa. Ni mahitaji ya watangazaji, walimu na wafasiri.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yafaa kuzingatiwa:

(a) Mchezo wa maswali kwa jumla uendelee kuitwa "chemsha bongo", jina ambalo wananchi wamekwisha kulizoea.

(b) Mchezo wa kutaja herufi uitwe "shindano la tahajia". "Shindano la kuendeleza maneno" lina haki ya ukongwe, maana ndivyo walimu wa zamani walivyosema. Lakini siku hizi msikilizaji aweza kudhani kwamba maneno yanakuzwa au yanaongezwa.

(c) Kipindi cha mwaka 1938 kibaki na jina lake, Spelling Bee, kwa kuwa hilo ni jina la pekee.

Istilahi njema hutaja kazi ya kitu, haibebi ganda la lugha ilikotoka. Mfasiri asiyeuliza historia ya neno atawaletea wasomaji wake nyuki, ilhali walihitaji kuambiwa habari za majirani.