Kwa nini kadi ya Mickey Mantle iuzwe dola milioni 12.6?

Agosti 2022, kadi ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli wa New York Yankees, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Kampuni ya Topps iliichapisha mwaka 1952, ikauzwa pamoja na chingamu kwa senti chache tu. Awamu yake ilichelewa kufika madukani, msimu ukaisha, makasha yakabaki ghalani. Mwaka 1960, Sy Berger, aliyezibuni kadi hizo, alizipakia kwenye tishari na kuzitupa baharini.

Zilizosalia hupimwa kwa pembe na kingo zake, na hapo ndipo ulaghai hujipenyeza. Mwaka 2013, dalali mmoja alikiri kuipunguza kingo kadi ya Honus Wagner, ambayo tayari ilikuwa imeuzwa dola milioni 2.8.