Neema na juhudi katika Ukristo wa Buhaya

Hili ni suala la kiteolojia kuhusu nafasi ya jitihada za mwanadamu katika wokovu. Katika wilaya za Buhaya kama Bukoba na Muleba, Wakatoliki hufundishwa kwamba neema hutangulia na mtu huiitikia kwa hiari. Walutheri hufundishwa kwamba mtu huokolewa kwa neema tu, matendo yakiwa matunda yake. Tamko la Pamoja la Wakatoliki na Walutheri la 1999 kuhusu kuhesabiwa haki lilipunguza mvutano huo. Lakini ni Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioingia kutoka Uganda na Rwanda, ulioibana hoja kwelikweli: mlokole (mfuasi wa Uamsho) aliyeshuhudia kusamehewa bure alitarajiwa kuungama hadharani na kurudisha alichoiba, hata kama ni jembe. Askofu Mlutheri Josiah Kibira (1925–1988), rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani 1977–1984, alikulia kiroho katika Uamsho huo.