Nyumba ya Ufaransa: mkopo ukichelewa na siku ya kukamilisha ikipita, nani hupoteza arbuni?

Watu wetu walioko Ufaransa si haba. Marseille imejaa ndugu zetu Wangazija, na wako Wakenya waliooa na kuolewa huko, wakazaa na kujenga maisha. Wengi wao hufika siku wakachoka kulipa kodi wakataka nyumba yao. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa nyumbani: benki haijajibu, siku iliyoandikwa kwenye mkataba imekaribia, na arbuni imeshatolewa. Je, pesa zimekwenda?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hazijakwenda. Lakini ndugu msomaji, inategemea ni siku gani iliyopita, kwa sababu katika mkataba wa Kifaransa siku ni mbili, na wengi huzichanganya.

Tuanze na njia yenyewe. Bei ikikubaliwa, pande mbili hutia saini mkataba wa awali, ambao Wafaransa huuita compromis de vente. Kwa kawaida mnunuzi hutoa arbuni ya asilimia 5 hadi 10 ya bei, na pesa hizo hukaa kwenye akaunti ya notari. Notari wa Ufaransa si wakili wa upande mmoja kama tulivyozoea Mombasa. Yeye ni ofisa wa sheria aliyepewa mamlaka na dola, na bila yeye nyumba haihami mikono.

Baada ya saini, mnunuzi wa nyumba ya kuishi ana siku 10 za kubadili nia bila kueleza sababu, na hudai arbuni yake yote. Muuzaji hana haki hiyo. Zikipita siku hizo, mnunuzi naye amefungika, isipokuwa kwa masharti yaliyoandikwa.

Siku ya kwanza: mwisho wa sharti la mkopo

Sharti kubwa ni la mkopo. Sheria ya Ufaransa inasema anayenunua kwa mkopo wa benki asifungwe na ununuzi iwapo mkopo haukupatikana. Muda wa sharti hilo hauwezi kuwa chini ya mwezi mmoja, na mikataba mingi huweka siku 45 hadi 60. Benki ikikataa, arbuni hurudi yote, haikatwi hata senti.

Lakini kinga hii ina miiko yake. Mkataba hutaja kiasi cha mkopo, miaka ya kulipa na kiwango cha juu cha riba. Mnunuzi akiomba mkopo mkubwa kuliko uliotajwa, au asiombe kabisa, kisha benki ikakataa, sheria humhesabu kama aliyelivunja sharti mwenyewe. Chukua nyumba ya yuro 200,000 yenye adhabu ya asilimia 10. Hapo zinazungumziwa yuro 20,000, na anayeweza kuzipoteza ni mnunuzi. Kwa hivyo barua ya benki ya kukataa lazima ilingane na yale yaliyoandikwa kwenye mkataba.

Wako pia wanaoepuka riba, wananunua kwa pesa taslimu za familia. Hao sheria huwataka waandike kwa mkono wao kwamba hawatumii mkopo na kwamba wanajua hawatakuwa na kinga hii. Si maandishi ya kuandika kijuujuu. Ukiyaandika kisha pesa za familia zikapungua, huna pa kujificha.

Kwa nini benki huchelewa

Sababu nyingi ni za kawaida. Tangu Januari 2022 benki za Ufaransa zinafungwa na kanuni kwamba malipo ya madeni, pamoja na bima, kwa kawaida yasizidi asilimia 35 ya kipato, na mkopo usizidi miaka 25. Kuna pia kiwango cha juu cha gharama ya mkopo ambacho benki haziruhusiwi kukipita. Bima ya mkopaji nayo inaweza kudai maswali ya afya na vipimo. Halafu kuna Agosti, mwezi ambao nusu ya ofisi wako likizoni.

Hata benki ikikubali, mambo hayaishi siku hiyo. Ofa ya mkopo ikishamfikia mkopaji, sheria inamkataza kuikubali kabla ya siku 10 kupita. Hutia saini kuanzia siku ya 11. Siku hizi haziwezi kufupishwa, hata muuzaji akilia. Benki nayo haina budi kuiacha ofa wazi kwa siku 30 angalau. Wakati huohuo, katika miji mingi, notari hungoja jibu la manispaa, ambayo ina haki ya kuinunua nyumba mbele ya mnunuzi na hupewa miezi miwili kuamua. Ndiyo maana miezi mitatu toka mkataba wa awali hadi funguo ni jambo la kawaida.

Muda wa sharti ukikaribia kwisha na ofa haijaja, dawa ni nyongeza ya mkataba: karatasi fupi ya kuongeza siku, iliyotiwa saini na pande zote mbili. Ombeni mapema. Ahadi ya dalali kwa simu haitoshi.

Siku ya pili: kukamilisha

Hii ndiyo siku ya saini ya mwisho, pesa kulipwa na funguo kutolewa. Katika mkataba wa compromis, kwa kawaida siku hii ikipita mkataba haufi. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo upande mmoja unaweza kuushurutisha mwingine. Muuzaji hutuma ilani rasmi ya kumwita mnunuzi kwa notari, na asipofika, notari huandika kumbukumbu ya jambo hilo. Baada ya hapo aliyekosewa huchagua: aende mahakamani kulazimisha mauzo, au avunje mkataba na kudai adhabu, ambayo mara nyingi ni asilimia 10. Hakimu ana uwezo wa kuipunguza adhabu iliyozidi kiasi.

Basi benki ikichelewesha pesa kwa wiki moja baada ya mkopo kukubaliwa, kwa kawaida hilo hutatuliwa kwa barua ya notari na siku mpya.

Tahadhari moja: uko mkataba wa aina nyingine, ambapo muuzaji peke yake ndiye aliyeahidi, na mnunuzi hupewa muda wa kuamua. Huo muda wake ukiisha bila mnunuzi kutamka kwamba ananunua, ahadi hufa, na pesa alizoweka huweza kubaki kwa muuzaji. Kabla ya kutia saini, muulize notari ni mkataba wa aina gani.

La kufanya

Mnunuzi asitoe notisi kwenye nyumba anayopanga wala asikodi gari la kuhamia kabla ya ofa ya benki kusainiwa. Aombe muda wa siku 60 badala ya 45 tangu mwanzo, hasa kama kipato chake kinatoka nje ya Ufaransa. Aweke nakala ya kila ombi la mkopo na kila jibu, na mawasiliano mazito yapite kwa barua ya rejista. Anaweza pia kuchukua notari wake mwenyewe. Manotari wawili hugawana ada ileile, gharama haiongezeki. Na asiyeweza kuwapo siku ya saini atoe hati ya uwakili mapema, kwa sababu karatasi zinazotoka nje ya nchi nazo huchukua siku zake.

Nasi tulioko nyumbani tunaochangia, tuulize mapema pesa zetu zinatakiwa kufika kwa notari siku gani. Benki na notari watataka kujua zilikotoka, na maelezo hayo yakikosekana, ucheleweshaji utakuwa umetoka kwetu.