Sudan Kusini kwenye Olimpiki: nchi ya mto, medani ya nchi kavu

Austria haina bahari, lakini imetwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za katamarani mara mbili mfululizo: Sydney mwaka 2000 na Athens mwaka 2004. Mabaharia walikuwa wale wale, Roman Hagara na Hans-Peter Steinacher. Ngalawa ya Pwani yetu ina mtumbwi mmoja unaoegemea mirengu. Katamarani ina miili miwili iliyo sawa, iliyounganishwa juu, na tanga katikati. Iliingia Olimpiki mwaka 1976, na hata mwaka huo haikuonja chumvi. Michezo iliandaliwa na Montreal, lakini mashua zilishindana Kingston, katika Ziwa Ontario.

Kukosa pwani, basi, si sababu ya kutosha kueleza kwa nini Sudan Kusini haijawahi kupeleka mashua Olimpiki. Juba imekaa ukingoni mwa Nile Nyeupe, na matishali ya mizigo hushuka kutoka bandari yake kuelekea Bor na Malakal. Maji yapo. Mchezo wa matanga, hata hivyo, unadai chombo cha gharama kubwa, klabu, makocha na miaka mingi ya utulivu. Mkimbiaji anaweza kuanza bila hayo yote, na ndiyo maana historia ya taifa hili kwenye Olimpiki imeandikwa kwa miguu.

Uhuru kutoka kwa Sudan ulipatikana tarehe 9 Julai 2011. Mwaka uliofuata, Guor Marial, mkimbizi aliyekuwa akiishi Marekani, alikimbia marathoni London chini ya bendera ya Olimpiki. Nchi yake haikuwa bado na kamati ya Olimpiki, naye alikataa kuiwakilisha Sudan, kwani vita vilikuwa vimeua ndugu zake wengi. Alimaliza wa 47.

Kamati ya taifa ilitambuliwa Agosti 2015. Januari 2016, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, Juba ikaandaa kwa mara ya kwanza Siku ya Umoja wa Kitaifa, michezo iliyowakutanisha vijana wa makabila na majimbo mbalimbali. Julai mwaka huo huo mapigano yakalipuka mjini. Wiki chache baadaye, huko Rio, Marial alibeba bendera ya nchi yake kwa mara ya kwanza. Katika michezo hiyo hiyo, wanariadha watano kati ya kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi walikuwa wazaliwa wa Sudan Kusini. Walikuwa wamefanyia mazoezi Ngong, Kenya, chini ya mkimbiaji mstaafu wa Kenya, Tegla Loroupe. Taifa moja liliingia uwanjani kwa bendera mbili.

Novemba 2019, mji wa Maebashi nchini Japani uliwapokea wanariadha wa Sudan Kusini waliokosa viwanja bora nyumbani. Korona ilipoahirisha Olimpiki ya Tokyo, mji huo haukuwafukuza. Michango ya wananchi iliwatunza hadi mwaka 2021. Abraham Guem akalipa wema huo kwa rekodi ya taifa ya mita 1500, dakika 3:40.86.

Kisha ukaja mpira wa kikapu. Chini ya uongozi wa Luol Deng, mzaliwa wa Wau aliyetamba NBA, timu ya wanaume iliichapa Puerto Rico 90–79 tarehe 28 Julai 2024, katika mechi yake ya kwanza ya Olimpiki. Ushindi huo ulitoka kwa nchi isiyokuwa na uwanja wa kikapu wa ndani, na wengi wa wachezaji wake walikulia ughaibuni.

Kila hatua ya safari hii imegharimiwa na ukarimu wa wengine: Ngong, Maebashi, nchi za ughaibuni. Ukarimu huo unastahili shukrani, lakini taifa halijengi michezo yake kwa kuazima viwanja vya jirani milele. Vijana wa Juba wanastahili uwanja, kocha na amani ya kudumu mjini mwao. Wakivipata hivyo, kuchagua kati ya riadha, kikapu na matanga kutakuwa juu yao wenyewe.