Kichwa Kwenye Sahani

Nikiwa darasa la nne, fundi wa mazingaombwe alikuja shuleni kwetu, kiingilio shilingi hamsini. Karatasi za daftari ziligeuka noti mikononi mwake. Jioni bibi alitukataza kumtaja: "Huyo mchawi, msiniletee humu ndani." Mimi nilibaki na swali moja: kama anatengeneza noti, hamsini zetu za nini?

Reginald Scot, mwungwana wa Kent, Uingereza, alikuwa na swali la aina hiyo, ila kwake lilihusu roho za watu. Zama zake, vikongwe walinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 1584 akachapisha The Discoverie of Witchcraft kuwatetea, na humo akaanika siri za viini macho, ili watu waone mkono wa binadamu pale walipodhani pana shetani. Baadhi ya siri alifundishwa na Cautares, Mfaransa aliyeishi London.

Kiini macho ninachoking'ang'ania mimi humo ni cha kichwa kilichokatwa, alichokifanya mtu mmoja, Kingsfield wa London, mwaka 1582. Meza ina matundu mawili. Mtu wa kwanza analala juu yake, kichwa kimezamishwa tunduni, anaonekana kiwiliwili kitupu. Wa pili amejificha chini. Kichwa chake kinachomoza kwenye tundu lingine, katikati ya sahani iliyotobolewa. Shingoni unabandikwa unga uliokandwa kwa damu ya ng'ombe. Ukipoa, utaapa ni nyama ya maiti. Kisha kinafukizwa kiberiti, uso upauke. Unga, damu na moshi: vitu vya jikoni tu, na watu wazima wakatetemeka.

Mimi niliishia kujifunza kiini macho cha sarafu. Unajifanya unaiweka kwenye kiganja cha kushoto, kumbe imebaki kulia, imebanwa na mnofu wa chini ya dole gumba. Vidole nilivizoeza kwa wiki mbili. Macho yalinichukua miezi. Lazima wewe mwenyewe uutazame mkono wa kushoto kama mtu anayejua kilichomo. Ukiibia jicho kulia, umeumbuka.

Nilipomwonyesha bibi, alikodoa macho kwanza, akanitaka nirudie. Mara ya tatu nikamfunulia siri yote. Akaichukua sarafu, akaigeuzageuza, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Haya," akasema, "itoe humu."